Mkono, Excel, Tovuti au Kalenda ya Hijria: Njia Ipi ya Kukokotoa Umri Inakufaa?

Mzazi anayefuatilia chanjo za mtoto, karani anayeandaa orodha ya wapiga kura, kocha wa timu ya vijana na mjukuu anayetaka kumfurahisha bibi yake siku ya kuzaliwa wote wanakokotoa umri, lakini hawaulizi swali moja, na ndiyo sababu hawapaswi kutumia chombo kimoja. Kliniki huhesabu wiki, kwa kuwa mtoto mchanga hupewa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha huhesabu miezi kwa ajili ya chanjo ya surua katika mwezi wa 9 na wa 18. Uchaguzi hutaka miaka 18 kamili, na siku moja pungufu ni pungufu. Mashindano ya vijana kwa kawaida huangalia tu kama mchezaji alizaliwa kabla au baada ya 1 Januari ya mwaka uliotajwa katika kanuni. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia, amua kwanza jibu unalitaka kwa kipimo gani na litatumika wapi.

Nitalinganisha njia nne ambazo watu wetu huzitumia zaidi: hesabu ya mkono, programu za majedwali kama Excel, vikokotoo vya mtandaoni, na kalenda ya Hijria. Kadiri inavyowezekana nitatumia mfano ambao kila msomaji anaweza kuuhakiki mwenyewe, yaani Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa 13 Aprili 1922 na kufariki dunia 14 Oktoba 1999.

Hesabu ya mkono hutaka karatasi na kalamu tu. Unaandika tarehe ya mwisho juu na ya kuzaliwa chini, kisha unatoa siku kwa siku, mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka. Kwa Mwalimu, 14 kutoa 13 ni siku 1, 10 kutoa 4 ni miezi 6, na 1999 kutoa 1922 ni miaka 77, hivyo aliishi miaka 77, miezi 6 na siku 1. Hapakuwa na haja ya kukopa, na pale pasipo na haja ya kukopa sioni sababu ya mtu kuwasha kompyuta.

Matatizo huanza siku zinapopungua. Chukua mtu aliyezaliwa 31 Januari 1990 anayetaka kujua umri wake tarehe 1 Machi 2023. Siku 1 haitoshi kutolewa 31, kwa hiyo unakopa mwezi mmoja, lakini mwezi huo una siku ngapi? Anayekopa siku 30, kama wengi wetu tulivyozoea, atapata miaka 33, mwezi 1 na siku 0. Anayekopa siku 31 za Januari atapata miaka 33, mwezi 1 na siku 1. Anayekopa siku 28 za Februari, mwezi uliotangulia Machi, atapata siku hasi mbili, jibu lisilo na maana yoyote. Watu watatu wenye uwezo sawa wa hesabu wanaachana njia kwa sababu kila mmoja ametumia kanuni yake bila kuitaja.

Kwa maoni yangu, kanuni iliyo salama zaidi ni kuacha kutoa na badala yake kuhesabu kwenda mbele. Anza tarehe ya kuzaliwa, songa kwa miaka kamili hadi siku ya kuzaliwa iliyopita, kisha kwa miezi kamili, kisha kwa siku zilizobaki. Mtu wetu alitimiza miaka 33 tarehe 31 Januari 2023. Mwezi mmoja baadaye ni mwisho wa Februari, kwa kuwa Februari haina tarehe 31. Siku moja zaidi ni 1 Machi. Jibu ni miaka 33, mwezi 1 na siku 1, na kila hatua inaweza kuonyeshwa kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, jambo ambalo mbinu ya kukopa haiwezi.

Udhaifu wa mkono ni pale unapotaka jumla ya siku. Kwa Mwalimu, ni lazima uzidishe 77 kwa 365 upate 28,105, uongeze tarehe 29 Februari zote 19 kuanzia 1924 hadi 1996, kisha uongeze siku 184 za kutoka 13 Aprili hadi 14 Oktoba, ndipo ufikie siku 28,308. Pia ni lazima ukumbuke kwamba si kila mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mwaka mrefu: miaka ya karne, kama 1900, huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400, na ndiyo maana 1900 haukuwa mrefu ilhali 2000 ulikuwa. Hesabu hii inawezekana, lakini ukiifanya kwa watu mia tatu kosa halikosekani.

Hapo ndipo Excel na ndugu zake, yaani Google Sheets na LibreOffice Calc, wanapostahili nafasi yao. Excel huhifadhi kila tarehe kama namba ya mfululizo ambayo 1 Januari 1900 ni 1, kwa hiyo ukitoa seli moja katika nyingine unapata siku 28,308 papo hapo bila kufikiria miaka mirefu. Kwa miaka kamili, andika =DATEDIF(A2,B2,"Y"), A2 ikiwa tarehe ya kuzaliwa na B2 tarehe ya kupimia. Nasisitiza hiyo B2. Watu wengi huweka TODAY(), yaani tarehe ya leo, mahali pake, kisha hushangaa orodha iliyokuwa sahihi mwezi uliopita imebadilika yenyewe, kwa sababu TODAY() husonga kila faili inapofunguliwa. Orodha ya wapiga kura ipimwe kwa siku ya kupiga kura, na ya wachezaji kwa siku iliyotajwa katika kanuni za mashindano. Iandike siku hiyo kwenye seli moja na uiache hapo.

Hata hivyo Excel ina mitego mitatu ambayo anayeichagua lazima aijue. Mtego wa kwanza ni sehemu ya DATEDIF inayotoa siku zilizobaki, ile ya "MD", ambayo Microsoft wenyewe wanaonya kwamba inaweza kutoa namba hasi, sifuri au jibu lisilo sahihi. Tatizo lake ni lilelile la kukopa Februari tuliloliona hapo juu. Tumia "Y" kwa miaka na kutoa kwa kawaida kwa siku, na "MD" iache kabisa. Mtego wa pili ni tarehe za zamani. Excel haitambui tarehe iliyotangulia 1900 kuwa ni tarehe, na zaidi ya hapo inaamini kwamba 29 Februari 1900 ilikuwepo, kosa lililorithiwa kutoka programu ya Lotus 1-2-3 na kuachwa makusudi ili majedwali ya programu hizo mbili yaendelee kupatana. Anayeandika ukoo wake hadi karne ya 19 atumie LibreOffice Calc, inayokubali tarehe hizo.

Mtego wa tatu ndio unaoumiza watu wengi zaidi huku kwetu, nao ni mpangilio wa tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi, lakini kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Ukiandika 5/8/1990 ukimaanisha tano Agosti, kompyuta ya namna hiyo itasoma nane Mei na haitakuonya, na mtu atakuwa mkubwa kwa takriban miezi mitatu kuliko alivyo. Ukiandika 25/8/1990 haitapata mwezi wa 25, kwa hiyo itaiacha kama maandishi ya kawaida na fomula itagoma. Orodha ambayo nusu yake inakokotoleka na nusu inagoma ni dalili kwamba hata ile nusu inayokokotoleka imeharibika. Kabla ya kuingiza majina, badilisha mpangilio wa eneo kwenye kompyuta, au andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa mtindo wa 1990-08-05.

Vikokotoo vya mtandaoni na programu za simu vinashinda kwa wepesi. Unachagua siku, mwezi na mwaka, na kabla hujamaliza kupumua umeonyeshwa miaka, miezi, wiki, siku, saa, dakika na sekunde, pamoja na siku ya wiki uliyozaliwa. Kwa mtu anayetaka jibu moja la haraka sina sababu ya kumzuia. Lakini kikokotoo hakionyeshi kazi yake, kwa hiyo kijaribu kabla ya kukiamini. Kipe 31 Januari 1990 na 1 Machi 2023, uone kama kitatoa siku 1, siku 0 au kitu cha ajabu. Kipe 13 Aprili 1922 na 14 Oktoba 1999: kikisema 28,308 hakihesabu siku ya kuzaliwa, kikisema 28,309 kinaihesabu, na kikisema namba nyingine yoyote kifunge. Kisha kipe mtu aliyezaliwa 29 Februari, maana hapa hata sheria za nchi hazikubaliani. Katika mwaka usio mrefu, sheria ya Uingereza humhesabu kuwa ametimiza mwaka tarehe 1 Machi, ilhali ya Taiwan humhesabu tarehe 28 Februari. Kikokotoo kizuri husema wazi kinafuata kanuni ipi.

Kanuni ina uzito kuliko kasi. Korea Kusini walikuwa na desturi ya kumhesabu mtoto kuwa na mwaka mmoja siku anapozaliwa na kumwongezea mwingine kila 1 Januari, hadi sheria iliyoanza kutumika 28 Juni 2023 ilipoweka umri wa kimataifa katika shughuli za kisheria na kiserikali. Namba za watu zilishuka kwa mwaka mmoja au miwili bila mtu yeyote kurudi ujana.

Kuna jambo jingine la kupima katika tovuti na programu hizi, nalo ni faragha. Tarehe ya kuzaliwa si taarifa ndogo. Benki huiuliza ili kuthibitisha kwamba ni wewe, na nchini Tanzania tarakimu nane za kwanza katika namba ya Kitambulisho cha Taifa ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Programu inayohitaji tarehe mbili tu ili itoe hesabu haina sababu ya kudai jina kamili, namba ya simu au ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi. Ikidai, tumia nyingine. Na unapokokotoa umri wa mtoto wa mwenzako, usimwingize huko kabisa.

Watu wengi hufuata tovuti hizi kwa ajili ya mambo ya kufurahisha kuhusu siku ya kuzaliwa, na hapa pumba na mchele vimechanganyika. Kipimo changu ni kimoja: je, jambo hilo linaweza kuhakikiwa kwa kalenda? Siku ya wiki inahakikika. Tena unaweza kuipata kichwani kwa mbinu iliyobuniwa na mwanahisabati Mwingereza John Conway, ambaye alitumia ukweli kwamba katika mwaka wowote tarehe 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba, 12 Desemba na siku ya mwisho ya Februari huangukia siku moja ya wiki. Kwa mwenye kuhesabu siku zetu, Jumamosi ikiwa 1, Jumapili 2, hadi Jumatano 5, Alhamisi 6 na Ijumaa 7, mbinu hii ni nyepesi sana. Chukua tarakimu mbili za mwisho za mwaka, gawanya kwa 12, chukua jibu, ongeza baki, kisha ongeza idadi ya nne kamili zilizomo ndani ya baki. Kwa miaka ya 1900 ongeza 5, kwa miaka ya 2000 ongeza 4, halafu ondoa saba saba hadi ubaki na namba kati ya 1 na 7; namba hiyo ndiyo siku ya wiki ambayo tarehe hizo za msingi huangukia katika mwaka huo.

Tuijaribu kwa Uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1963. Katika 63 mna 12 mara 5, baki ni 3, na ndani ya 3 hamna nne kamili. Tano na tatu ni 8, ongeza 5 ni 13, ondoa 7 inabaki 6: Alhamisi. Kwa kuwa 12 Desemba ni mojawapo ya tarehe zetu za msingi, kazi imekwisha, na kweli Uhuru ule ulikuwa Alhamisi. Kwa mwaka 1922 utapata 4, yaani Jumanne, kwa hiyo 4 na 11 Aprili zilikuwa Jumanne na 13 Aprili ilikuwa Alhamisi. Kwa 1999 utapata 2, hivyo 10 Oktoba ilikuwa Jumapili na 14 Oktoba ilikuwa Alhamisi pia. Mwalimu alizaliwa Alhamisi na kufariki Alhamisi, wiki 4,044 kamili, na Alhamisi ile ya 1922 ilikuwa Alhamisi Kuu, kwani Pasaka ya mwaka huo iliangukia 16 Aprili. Mambo ya namna hii yanapendeza kwa sababu ni ya kweli.

Siku ya 10,000 ya maisha nayo ni hesabu nzuri ambayo Excel huifanya kwa kuongeza 10000 kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kwa Mwalimu ilikuwa 29 Agosti 1949, mwaka alioanza masomo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Sekunde bilioni moja hutimia baada ya siku 11,574 hivi, mtu akiwa na miaka 31 na zaidi ya miezi minane. Kwa mwalimu wa darasa kuna jambo tamu zaidi: wakiwepo watu 23 tu, uwezekano wa wawili kushiriki siku ya kuzaliwa unazidi nusu, na katika darasa la wanafunzi 40 unafika asilimia 89.

Idadi ya mapigo ya moyo tangu kuzaliwa, kwa upande mwingine, ni wastani tu uliozidishwa kwa dakika, na haikuhusu wewe hasa. Utabiri wa tabia kwa buruji za nyota siupendekezi hata kwa burudani inayowekwa mbele ya watoto kama elimu, kwa sababu kuyumba kwa mhimili wa dunia kumesogeza nyota kiasi kwamba jua, katika tarehe nyingi, halipo tena kwenye kundi la nyota ambalo buruji husema lipo.

Kalenda ya Hijria si mshindani wa njia zilizotangulia bali ni kipimo kingine, na kwa Waislamu wa pwani na bara ni kipimo cha lazima katika baadhi ya mambo. Mwaka wake una siku 354 au 355, pungufu ya ule wa Miladia, yaani kalenda ya kawaida ya Januari hadi Desemba, kwa takriban siku 11, hivyo miaka 33 ya Hijria hukaribia sana 32 ya Miladia. Mtu aliyezaliwa siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, alitimiza miaka 60 tarehe 26 Aprili 2024, lakini kwa Hijria alikuwa ameshapita 61 na anaikaribia 62. Tofauti hii ina matokeo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mtoto ambaye hajaonyesha dalili nyingine huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo, ambayo kwa cheti cha kuzaliwa ni takriban miaka 14 na miezi sita na nusu. Mzazi anayesubiri cheti kionyeshe 15 amechelewa karibu nusu mwaka.

Ukichagua njia hii, angalia mambo mawili. Siku ya Hijria huanza magharibi, na cheti huanza siku saa sita usiku, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku ni wa usiku wa Ijumaa kwa hesabu ya kwetu ingawa cheti kitasema Alhamisi. Vilevile, vikokotoo vya kubadilisha Miladia kuwa Hijria hutumia mahesabu yaliyopangwa kabla, wakati huku mwezi huandama kwa kuonekana, na wala hatukubaliani sote umeonekana wapi. Jibu linaweza kupishana kwa siku moja au mbili. Kama familia inakumbuka mtoto alizaliwa Idi mosi, kumbukumbu hiyo ishike kuliko kikokotoo.

Wapo pia wazee ambao tarehe yao haijulikani, na kwao hakuna chombo kati ya hivi kinachoanza kazi mpaka mtu aulize maswali. Vitambulisho vingi vya wazee vimeandikwa 1 Januari kwa sababu karani alihitaji kujaza nafasi, na kikokotoo kikipewa tarehe hiyo kitatoa hadi sekunde, kwa uhakika usiokuwepo. Wakati mwingine jina ni ushahidi: Khamis na Juma hubeba siku, Ramadhani na Rajabu mwezi, Otieno usiku, Okoth mvua, Wafula majira ya mvua, Nekesa mavuno. Matukio husaidia zaidi, na hata makarani wa sensa hubeba orodha za matukio kwa kazi hiyo: Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya 20 Oktoba 1952, Azimio la Arusha la Februari 1967, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Jibu la maswali hayo ni masafa, wala si tarehe moja. Bibi ambaye mamaye alisema alimbeba mgongoni siku ya Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, akiwa hajatimiza mwaka, alizaliwa kati ya Desemba 1960 na Desemba 1961, na tarehe 9 Desemba 2021 umri wake ulikuwa kati ya miaka 60 na 61. Katika daftari la ukoo andika miaka yote miwili ya kuzaliwa, 1960 na 1961, pamoja na jina la aliyesimulia na tukio alilolitumia, na ile 1 Januari iache kwenye kitambulisho.